Sura ya Saba: Nusu Milimita

Saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi moja ya Julai 1993, Inspekta Gershom Mwadime aliinama juu ya meza ya taa, kioo chenye mwanga kwa chini, katika Matbaa ya Barakat, Likoni, akaweka ncha ya rula ya chuma penye msalaba mwembamba kuliko unywele. Msalaba wa pili ulikuwa mwisho wa pili wa filamu. Kati ya misalaba hiyo miwili, aliyeipanga kazi alikuwa ameandika kwa herufi ndogo kipimo alichokikusudia: milimita 500.

Gershom alishika lenzi ya kukuzia, akasoma. Akainua rula, akaiweka upya, akasoma tena. Mara ya tatu alimwita msaidizi wake, Sajenti Mwikali, bila kumwambia amepata nini.

"Soma wewe."

Mwikali alifumba jicho moja. "Mia nne tisini na tisa na nusu."

"Una hakika?"

"Afande, mimi nilishona nguo miaka sita kabla ya kuvaa hizi za serikali. Nusu milimita naiona hata kwa mgongo."

Gershom aliandika 499.5 katika daftari, na pembeni yake saa.

Filamu ile, karatasi angavu ya plastiki ambayo chapa hutolewa kwayo, ilikuwa moja kati ya nne, kila moja kwa wino wake: bluu, nyekundu, manjano na nyeusi. Zilikuwa zimekamatwa Jumatatu katika nyumba ya kupanga huko Kisauni, pamoja na chupa mia tisa za dawa ya kikohozi ambayo haikuwa dawa. Lebo za chupa zilipigwa vizuri hata mwenye duka aliyeuza dawa miaka ishirini hakuzitilia shaka. Mtoto wa miaka minne alinyweshwa vijiko vitatu, akafa. Mpangaji wa nyumba alikwisha toroka. Kilichobaki kusema lolote ni hizo filamu nne, na bahasha iliyozibeba, yenye muhuri wa Matbaa ya Barakat.

Filamu za namna ile hazichorwi kwa mkono. Hupigwa na mashine ya leza, na mashine hizo Mombasa zilikuwa za kuhesabika. Kisiwani zilikuwa tatu, na Gershom alikwisha ziondoa: mbili hazikuweza kumeza filamu ya upana ule, na ya tatu ilikuwa mbovu tangu Mei. Zikabaki mbili: hii ya Likoni, na ile ya kiwanda cha Nuru Chapa, Changamwe.

Hapa Likoni mashine ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua. Jina lake Mwanasaumu Khatibu, umri miaka thelathini na mmoja. Alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya mlango, mikono mapajani, pingu zikiwa zimefunikwa na ncha ya leso. Alikamatwa jana jioni. Hati ya mashtaka ilikuwa imekwisha pigwa taipu kituoni: kughushi, na kuua bila kukusudia. Ilingoja saini ya Gershom kabla ya saa kumi na moja ya siku hiyo, na kesho saa tatu Mwanasaumu angesimama mbele ya hakimu. Kwa shtaka kama lile, dhamana asingeipata.

"Basi si ndiyo hiyo?" Mwikali alisema kwa sauti ya chini. "Mjini kila mtu anajua mashine ya Barakat haipimi sawa. Filamu imepungua nusu milimita. Tukaseme nini tena?"

"Tuseme imepungua nusu milimita. Hatujasema nani aliyeipunguza."

Mwenye matbaa, Mzee Yeslam Barakat, aliingia na sinia ya vikombe. Alikuwa mtu mfupi, kofia yake ya vito imekaa sawasawa, na sauti isiyojua haraka.

"Haya, kahawa i tayari. Au polisi hawanywi kahawa ya mshukiwa?"

"Wewe si mshukiwa, mzee."

"Matbaa yangu, bahasha yangu, mashine yangu, na mtoto niliyemlea kazini miaka kumi. Mie nikiwa si mshukiwa, basi n'nani? Mpishi?" Aliliweka sinia mbali na meza ya taa, akamgeukia Mwanasaumu. "Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, Ami."

"Wallahi hajala," alisema Yeslam, akimwambia Gershom kama anayemshitaki.

Gershom alimwomba Mwikali amfungue Mwanasaumu pingu. Kisha akamwambia, "Nataka karatasi ya kipimo. Misalaba miwili, kati yake milimita mia tano. Na katikati jaza kijivu chepesi, asilimia ishirini. Fanya kama unavyofanya kila siku."

Mwanasaumu alisugua kifundo cha mkono, akaketi mbele ya kompyuta. Vidole vyake vilikwenda bila kutafuta. Gershom alisimama nyuma yake akaona kila alichoandika, na mwisho, kabla ya kuituma kazi, aliona tarakimu aliyoiweka katika kisanduku kimoja kidogo. Hakuuliza.

Mashine ya Likoni ilikuwa ya roli. Filamu hutoka katika kasha lake, ikabanwa na roli mbili za mpira, ikapitishwa polepole mbele ya mwali wa leza, kama nguo ipitavyo chini ya sindano ya cherehani. Mwali huandika mstari mmoja, filamu husogea kiasi cha unene wa mstari huo, mwali huandika mwingine. Inchi moja ina mistari elfu moja na mia mbili. Ilinguruma dakika nne. Kisha filamu iliingia katika dawa ya kusafishia, ikaoshwa, ikakaushwa, na Gershom akaitaka ilazwe mezani nusu saa nzima kando ya filamu ya ushahidi.

"Kwa nini tungoje?" Mwikali aliuliza.

"Hii imetoka kwenye joto. Ile haikutoka. Nataka zote ziwe na joto moja."

Yeslam alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu angekuwa mpiga chapa, angekufa maskini, lakini kazi yake ingekuwa safi."

Nusu saa ilipokwisha, walipima. Milimita 500, kamili.

"Leo imepona," alisema Mwikali.

"Mwanasaumu," Gershom alisema, "kabla ya kuituma, uliandika tisini na tisa nukta tisa. Kwa nini?"

"Ni urefu. Naipunguza kazi kidogo."

"Kwa sababu gani?"

"Roli zimechakaa. Filamu ikipita huivuta. Ukiiambia mia tano, inakupa mia tano na nusu. Roli mpya tumeambiwa miezi sita, na mwaka wa pili huu. Basi mimi naidanganya mashine kidogo, na yenyewe inanidanganya kidogo, tunakutana penye ukweli."

"Nani alikuonyesha?"

"Hapana mtu. Nilipima wiki mbili, filamu kwa filamu."

Gershom aliketi mwenyewe kwenye kompyuta. Alifuta 99.9, akaandika 100 kwa kidole kimoja, akatuma. Wakangoja tena. Mwikali alikunywa kahawa ya mshukiwa vikombe viwili. Filamu ilipokuwa tayari, Gershom aliipima: 500.5.

Alizilaza filamu tatu juu ya meza ya taa, moja juu ya nyingine, akalinganisha misalaba ya upande wa kushoto mpaka ikawa msalaba mmoja. Kisha akaenda upande wa kulia. Pale misalaba ilikuwa mitatu, imepangana kama ngazi. Mbali kabisa ulikuwa wa mashine ilipoachiwa. Wa katikati ulikuwa wa Mwanasaumu. Wa ndani ulikuwa wa ushahidi.

"Mashine hii hurefusha," Gershom alisema. "Filamu ya ushahidi ni fupi."

"Lakini afande, angeweza kuandika tarakimu nyingine. Angeandika tisini na tisa nukta nane, ingetoka fupi."

"Ingetoka. Ndiyo maana niliomba kijivu." Alimpa lenzi. "Tazama kijivu cha Likoni. Usitazame nukta zinazokifanya, tazama mwendo wake kutoka kushoto kwenda kulia."

Mwikali alitazama. "Kuna michirizi. Myembamba. Kila baada ya kitambo."

"Kila baada ya milimita sitini na tatu. Mzee, una uzi?"

Yeslam alileta uzi wa kushonea vitabu. Gershom alifungua kifuniko cha mashine, akauzungusha uzi kwenye roli ya mpira mara moja, akaukata, akaulaza kwenye rula. Sitini na tatu. Mpira ulikuwa umebonyea mahali pamoja, na kila roli ilipomaliza mzunguko, ubonyeo ule uliacha mchirizi wake.

"Sasa tazama kijivu nyuma ya lebo za ushahidi."

Mwikali alikaa juu ya lenzi kwa muda. Alipoinuka hakuwa na mzaha. "Hakuna."

"Tarakimu anaweza kuiandika apendavyo. Mchirizi hawezi kuufuta."

"Alhamdulillahi," alisema Yeslam, akanyoosha mkono kumshika Mwanasaumu bega. "Basi mwachieni mtoto aende kwao."

"Bado, mzee. Bahasha ni ya hapa. Wakili yeyote wa serikali atasema alipanga kazi hapa akaipeleka kupigwa kwingine. Nimejua filamu haikutoka wapi. Sijajua imetoka wapi."

Walivuka kwa feri, Mwanasaumu akiwa na pingu tena nyuma ya Land Rover pamoja na konstebo, wakakata kisiwa, wakapita daraja la Makupa. Saa sita na nusu walikuwa Changamwe, upepo ukiwaletea harufu ya mafuta kutoka mitambo ya kusafishia. Gershom aliliacha gari chini ya kivuli cha ukuta wa Nuru Chapa, akaingia na Mwikali.

Chumba cha filamu cha Nuru Chapa kilikuwa mikononi mwa Bi Khairiya, mwanamke wa makamo, buibui lake limekunjwa mikono, miwani imening'inia kifuani. Aliwapokea mlangoni na kuwazuia hapo hapo.

"Viatu."

"Tumeingia msikitini?" aliuliza Mwikali.

"Msikitini unaweza kuingia na vumbi la moyo, Mungu akakusamehe. Hii haisamehe. Vueni."

Walivua. Ndani palikuwa na baridi ya mashine ya hewa, na katikati kulikuwa na kasha la rangi ya maziwa, refu kama jeneza la mtu mkubwa, lisilotoa sauti yoyote. Khairiya aliliwekea kiganja juu, kama mtu anayemtambulisha mgeni.

"Hii ni ya dramu. Ya roli huivuta filamu. Hii haiivuti. Filamu inaingia, inajikunja ndani ya dramu, pipa hili, hewa inaifyonza mpaka inagandamana na ukuta, basi haitikisiki tena. Katikati mna kioo kidogo, ukubwa wa ukucha wangu. Kioo ndicho kinachozunguka na kuutupa mwali."

"Mara ngapi?"

"Elfu ishirini kwa dakika."

Gershom aliandika, kalamu ikasimama. "Elfu ishirini?"

"Nilipoambiwa nami niliuliza hivyo hivyo. Mtu aliyeileta akanijibu, hesabu mwenyewe ukipenda."

Aliipiga karatasi ileile ya kipimo, Gershom akiwa amesimama nyuma yake. Katika kisanduku cha urefu aliacha 100. Kasha lilitoa mlio mwembamba wa kupanda, mfano wa mbu anayekwenda mbali, na kwa dakika mbili hapakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba kuna kazi inayofanyika. Filamu iliyotoka, baada ya kuoshwa na kupoa, ilipima milimita 500. Gershom alitafuta upungufu hata wa upana wa mstari, hakuupata. Aliigeuza filamu, akapima kutoka upande wa pili. Ilikuwa vilevile.

Kisha akaweka lenzi juu ya kijivu.

Kwa Likoni, kila nukta chini ya lenzi ilikuwa duara lenye kingo za kuparuza, kama tone la wino juu ya karatasi ya kufungia nyama. Hapa nukta zilikuwa nyeusi na kamili, kingo zake zimekatwa, safu baada ya safu, hakuna moja iliyompita mwenzake wala kubaki nyuma. Alisogeza lenzi inchi moja. Zilikuwa vilevile. Akasogeza mpaka ukingoni, kisha akarudi kwa njia nyingine. Mamilioni ya nukta, na kila moja mwanga uliiweka mahali pake ukaenda zake, na haukukosea hata mara moja.

"Afande," Mwikali alisema, "umekaa hapo dakika saba."

"Tazama."

Alitazama. Alinong'ona kitu kwa Kikamba ambacho Gershom hakukielewa, na hakuomba atafsiriwe.

"Hata mimi," alisema Khairiya, "miaka miwili sasa, na kila asubuhi naitazama moja kabla ya kazi."

Gershom alitoa filamu ya ushahidi, akailaza kando. Chini ya lenzi nukta za lebo zilikuwa za mashine hii. Hakuhitaji kupima, lakini alipima, kingo kwa kingo, akaandika. Halafu akaiweka juu ya ile ya Khairiya, akalinganisha misalaba ya kushoto, akaenda kulia, akasimama.

"Imetoka hapa," alisema Mwikali. "Imekwisha."

"Njoo uone."

Misalaba ilikuwa imeachana nusu milimita.

"Mashine yenye nukta hizi haikosei kipimo," Gershom alisema polepole, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. "Na mashine inayokosea kipimo haina nukta hizi. Na mimi nimeshika filamu yenye vyote viwili."

"Mashine yangu haipunji," Khairiya alisema, sauti imepanda.

"Sisemi imepunja, Bi Khairiya. Mashine hii ikiambiwa mia tano inatoa mia tano. Ikiambiwa mia nne tisini na tisa na nusu, je?"

"Itatoa hiyo hiyo uliyoitaka. Lakini nani ataiambia hivyo? Mtu akishika chombo kama hiki, ya nini kukipunguzia?"

Gershom aliangalia daftari lake, ukurasa wa asubuhi. Mia tano mara tisini na tisa nukta tisa kwa mia. Hakuhitaji kalamu.

Alitoka nje na soksi zake, akakanyaga lami ya moto mpaka kwenye Land Rover. Mwanasaumu alikuwa ameegemea dirisha.

"Ile tarakimu yako ya tisini na tisa nukta tisa. Ulimfundisha nani?"

Alifikiri kidogo. "Bakari. Alikuwa msaidizi wangu, miaka mitatu. Aliondoka mwaka jana."

"Kwenda wapi?"

Mwanasaumu alitazama lango walilolipita, kibao cha Nuru Chapa juu yake. "Si hapa? Alisema amepata Changamwe, kwenye mashine mpya." Kisha Gershom akaona ameanza kuhesabu mwenyewe. "Inspekta, mimi sikusema kitu juu ya Bakari."

"Hukusema. Nimekuuliza."

Alirudi ndani. Khairiya alikuwa bado amesimama penye meza ya taa.

"Bakari anafanya kazi gani hapa?"

"Chumba cha giza. Anaosha filamu, anabadilisha dawa. Kibodi hagusi. Hapa kibodi ni yangu peke yangu."

"Dawa hubadilishwa lini?"

"Jumapili, kiwanda kimelala. Anakuja peke yake, ana ufunguo." Alishika miwani yake kifuani, akaiachia. "Mashine ina kihesabu. Kila filamu ikipigwa, namba inapanda. Jumatatu moja mwezi wa tano niliikuta imepanda nne kuliko nilivyoiacha Jumamosi. Nilidhani fundi alikuja kuijaribu. Sikuuliza. Ningeuliza wangeniambia nimeshindwa kuitunza."

"Nne," alisema Mwikali. "Bluu, nyekundu, manjano, nyeusi."

"Kihesabu hakisemi nani," Gershom alisema. "Niitieni Bakari. Na Bi Khairiya, tafadhali, usiseme neno. Lolote."

Bakari aliingia akifuta mikono, ncha za vidole zimekuwa za kahawia kwa dawa. Alikuwa kijana mrefu, shati limechomekwa vizuri, na hakuonekana na hofu zaidi ya ile ya mtu yeyote mbele ya polisi.

"Tunalinganisha mashine mbili, hii na ya Likoni," Gershom alimwambia. "Bi Khairiya ameshanipigia moja. Lakini mahakamani watasema meneja alijipendelea. Nataka mtu wa pili. Unaweza?"

"Huyu ni wa chumba cha giza," Khairiya alisema, kabla hajajizuia.

Bakari alitabasamu upande mmoja. "Nilipiga filamu Likoni miaka mitatu, Bi Khairiya. Hujapata kuniuliza hata siku moja."

"Basi keti," alisema Gershom. "Misalaba miwili, milimita mia tano. Kijivu asilimia ishirini."

Safari hii Gershom hakusimama nyuma ya kiti. Alikwenda dirishani akawapa mgongo, akamwomba Khairiya na Mwikali wafanye vivyo hivyo. Walisikia kibodi. Vidole vilikwenda bila kutafuta, mwendo uleule aliousikia Likoni asubuhi, hata mahali pa kupumua palikuwa pamoja. Kisha mlio mwembamba ukapanda.

Bakari aliosha filamu mwenyewe. Gershom aliilaza mezani, akatoa saa yake, akangoja nusu saa. Bakari alizungumza kidogo mwanzoni, juu ya mpira wa Jumamosi.

Nusu saa ilipotimia, Gershom hakuchukua rula. Aliiweka filamu ya ushahidi chini na ya Bakari juu, akalinganisha misalaba ya kushoto, akaishikilia kwa utepe. Akaenda kulia na lenzi.

Kulikuwa na msalaba mmoja.

Alisogea akampisha Mwikali. Mwikali akampisha Khairiya. Khairiya aliinama, na alipoinuka alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Filamu mbili, wiki sita kati yake, moja ya kipimo na moja ya lebo ya dawa iliyoua, na misalaba yake ilikaliana kama kwamba ni mmoja.

"Keti utazame na wewe," Gershom alimwambia Bakari.

Bakari alitazama. Alikuwa mtu wa kazi ile, hakuhitaji kuelezwa. Alibaki ameinama zaidi ya ilivyotakiwa.

"Umeandika ngapi kwenye urefu?"

"Mia."

"Rudi kwenye kompyuta usome."

Hakwenda. Mwikali ndiye aliyekwenda. "Tisini na tisa nukta tisa," alisoma.

"Ni mazoea tu," Bakari alisema. "Mkono umeandika wenyewe. Mazoea si kosa."

"Si kosa. Wenye mazoea hayo Mombasa nzima ni watu wawili. Mmoja hajapata kuingia chumba hiki. Wa pili ana ufunguo wa Jumapili."

"Nilipiga filamu. Nilipewa kazi nikapiga. Sikuweka kitu ndani ya chupa mimi."

"Na bahasha?"

Bakari alitazama mikono yake ya kahawia. "Nilikuwa nazo nyumbani. Bahasha ni bahasha. Sikufikiri watamfuata yeye."

"Siku tatu magazeti yanaandika Matbaa ya Barakat. Ulifikiri nini?"

Gershom hakungoja jibu. Alimsomea haki zake kwa maneno ya sheria, neno kwa neno, wakati Mwikali akitoa pingu. Alitia filamu mbili katika mifuko ya plastiki, akaandika juu ya kila mmoja: nani aliipiga, wapi, saa ngapi, mashahidi. Ya Khairiya akaiweka mfuko wa tatu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

Nje, Mwikali alimkabidhi Bakari kwa konstebo upande wa pili wa ukuta, ili wale wawili wasikutane. Gershom alifungua mlango wa nyuma wa Land Rover, akamfungua Mwanasaumu pingu, akazitia mfukoni.

"Hati ile sitaisaini. Utakuja kituoni kuandikisha maelezo kama shahidi, kisha tutakupeleka Likoni."

Mwanasaumu alishuka. Alisimama akishika mlango wa gari, kama aliyeshuka jahazini na miguu bado haijazoea nchi kavu.

"Ni Bakari?"

"Ni Bakari. Alitumia tarakimu yako kwenye mashine ambayo haiihitaji."

"Nilimwandikia kwenye karatasi nikaibandika juu ya kompyuta," alisema. "Miezi mitatu nikimkumbusha kila asubuhi. Nilimwambia, ukiisahau hii, kazi yote ni ya kutupa." Alijifuta uso kwa leso, upande mmoja kisha wa pili. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Ya dramu ni kweli haina michirizi?"

Gershom alikuwa na haraka. Alitoa mfuko wa filamu ya Khairiya na lenzi yake, akampa vyote viwili.

"Usiifungue. Ni kielelezo."

Mwanasaumu aliinua mfuko kuelekea jua la alasiri, akaweka lenzi juu ya plastiki, akafumba jicho. Mkono wake ulikwenda taratibu kutoka kushoto mpaka kulia. Ulifika mwisho, ukasita, ukarudi mwanzo.

"Subhanallah," alisema.

Malori ya bandarini yalipita Barabara ya Magongo, mawili, matatu, vumbi likapanda na kushuka. Hakuinua kichwa. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa amepigana na mashine mpaka inyooke, nusu milimita kila siku, na sasa alikuwa anasoma kitu kilichonyooka chenyewe.

Mwikali alitokea kwenye kona ya ukuta, akaonyesha saa yake. "Afande, karani wa mashtaka anafunga ofisi saa kumi na moja. Lazima tubadilishe jina kwenye hati leo hii."

"Najua," alisema Gershom. "Mwache amalize."